Kutoka Mavivi mpaka Kinshasa: ni kilometa ngapi, na kweli ni masaa ngapi?

Swali hili linakuja mara nyingi. Mwanafunzi amepata nafasi ya masomo Kinshasa. Mgonjwa ameandikiwa kwenda kuona daktari ambaye hapatikani hapa. Mchuuzi anangojewa na mtu wa huduma fulani ya serikali, na barua yake inasema awe kule siku ya tano asubuhi. Wote wanauliza neno moja: ndege inachukua masaa ngapi? Ukitafuta jibu kwa simu, unaona namba nzuri: masaa mawili na nusu, basi. Kisha mtu anaondoka Mulekera kukiwa bado giza, na anaingia katika nyumba ya ndugu yake Kinshasa usiku. Je, simu imedanganya? Hapana. Simu imejibu swali lingine. Tuangalie hesabu yote, hatua kwa hatua.

Umbali wenyewe, na namna ya kuupima

Uwanja wetu wa Mavivi, ule ambao kwenye tikiti unaandikwa BNC, uko kama kilometa kumi kutoka katikati ya mji wa Beni, kwenye barabara inayokwenda Oicha. Uwanja mkubwa wa Kinshasa unaitwa N'djili, na kwenye tikiti unaandikwa FIH. Kati ya viwanja hivi viwili, kwa mstari ulionyooka, kuna kama kilometa 1650.

Namba hiyo mtu anaweza kuitafuta yeye mwenyewe, kwa kalamu na karatasi. Sisi wa Beni tuna bahati moja: tunakaa karibu sana na ikweta, na hapo hesabu ni rahisi. Kila degre moja ya dunia, hapa kwetu, ni karibu kilometa 111, iwe unapanda kaskazini au unakwenda mangaribi.

Mavivi iko kwenye degre 0,57 kaskazini ya ikweta, na degre 29,47 mashariki. N'djili iko kwenye degre 4,39 kusini ya ikweta, na degre 15,45 mashariki. Kwa sababu mmoja uko kaskazini na mwingine kusini, tunajumlisha: 0,57 na 4,39 ni 4,96. Kwa upande wa mashariki na mangaribi tunaondoa: 29,47 toa 15,45 inabaki 14,02. Sasa zidisha kila moja kwa 111. Unapata kilometa 551 za kushuka kusini, na kilometa 1556 za kwenda mangaribi.

Hapo unakumbuka somo la Pythagore, lile la pembetatu, ambalo wengi tulijiuliza shuleni litatusaidia nini maishani. 551 mara 551, jumlisha 1556 mara 1556, tafuta mzizi wa jumla hiyo: unapata 1650 na kidogo. Hiyo ndiyo njia ya ndege kama hakuna kinachoisumbua.

Lakini usichukue hesabu hii kupima safari ya Ulaya. Kadiri unavyotoka kwenye ikweta, zile degre za mashariki na mangaribi zinakuwa fupi, na mviringo wa dunia unaanza kuhesabika. Ndiyo maana kwenye ramani bapa njia ya ndege ya mbali inaonekana imepinda kama upinde, wakati piloti kwa kweli anafuata njia iliyo fupi kuliko zote.

Mji mkuu wetu uko mbali kiasi gani?

Ukishajua namna ya kupima, pima na miji mingine. Hapa utaona jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kutoka Mavivi, kwa mstari ulionyooka:

Bunia: kama kilometa 140.
Goma: kama kilometa 250.
Kigali: kama kilometa 290.
Entebbe: kama kilometa 335.
Kisangani: kama kilometa 460.
Nairobi: kama kilometa 855.
Mombasa: kama kilometa 1240.
Lubumbashi: kama kilometa 1370.
Addis-Abeba: kama kilometa 1390.
Kinshasa: kama kilometa 1650.

Soma tena ile orodha. Bandari ya Mombasa, kule kwenye bahari ya Hindi, ni karibu kuliko Kinshasa. Mji mkuu wa Etiopia ni karibu kuliko mji mkuu wetu. Hata watu wa Lubumbashi, ambao kila mara wanasema wako mbali na Kinshasa, wana kama kilometa 1560 tu. Sisi tunawapita kwa karibu kilometa mia moja.

Hapo unaelewa kwa nini nguo, vipuri vya moto, sabuni na simenti katika masoko ya Beni na Butembo vinapita Kasindi na kutoka upande wa Uganda na Kenya. Wachuuzi wetu hawakuchagua hivyo kwa kuchukia nchi yao. Ni kilometa zilizochagua. Na unaelewa pia kwa nini kwetu ndege si starehe ya matajiri peke yao. Hakuna barabara nzima unayoweza kufuata kutoka hapa mpaka Kinshasa bila kukwama. Kutoka Beni mpaka Kisangani kwa barabara, kupitia Komanda na Mambasa, ni zaidi ya kilometa 700, na sehemu ya njia hiyo imemwaga damu nyingi kwa mashambulizi ya ADF. Ukifika Kisangani salama, bado kuna mto: karibu kilometa 1730 za maji mpaka Kinshasa, safari ya majuma. Kwa mgonjwa, hiyo si njia.

Masaa: hapo ndipo mambo yanageuka

Umbali haubadiliki, lakini mwendo unategemea ndege. Ndege kubwa za reaktari, kama Airbus A320 au Boeing 737, zinakwenda kama kilometa 800 na zaidi kwa saa zikiwa juu. Ndege za elisi zinazobeba watu 50 mpaka 70, kama Fokker 50 au ATR, zinakwenda kama 500. Dash 8 ya aina ya Q400, nayo ni ya elisi, inafika kama 650. Zile ndogo tunazoziona hapa kila siku, kama Let 410 na Cessna Caravan, zinakwenda kati ya 300 na 400.

Gawanya sasa. 1650 kwa 800 ni masaa mawili na dakika chache. Lakini ndege haianzi na mwendo wa 800 ikiwa chini. Inapaswa kutembea mpaka mwanzo wa kiwanja, kuruka, kupanda, na mwishoni kushuka polepole na kungoja ruhusa ya kutua. Ongeza nusu saa kwa mambo hayo yote. Hapo ndipo inatoka ile namba ya simu: masaa mawili na nusu. Kwa ndege ya mwendo wa 500, hesabu inakuwa karibu masaa mane, pamoja na kupanda na kushuka.

Basi kabla ya kuuliza "ni masaa ngapi?", uliza kwanza "ni ndege gani?" Na swali la pili: "inatua wapi njiani?"

Kusimama Kisangani, kwa mfano, hakuongezi karibu chochote kwa umbali. Kisangani iko karibu juu ya mstari wenyewe: 460 mpaka kule, kisha kama 1225 mpaka Kinshasa, jumla kama 1685. Ni kilometa 35 za ziada tu. Lakini masaa yanaongezeka. Ndege inashuka, inazima mashini, watu wanatoka, wengine wanaingia, bagaji zinapakuliwa, pengine inakunywa mafuta, kisha inapanda tena. Hiyo ni saa moja, na siku zingine zaidi. Kwa ndege, kinachokula wakati si kilometa sana. Ni kutua na kuruka.

Ongeza hali ya hewa. Njia yetu inapita juu ya pori kubwa la bonde la Kongo, mahali ambapo mawingu ya radi yanajengeka sana saa za mchana. Piloti hapiti ndani ya wingu la namna hiyo. Anazunguka. Na kama wingu limekaa juu ya uwanja, anangoja, au anarudi alikotoka. Abiria wengine wanakasirika, wanasema piloti ni mwoga. Bora piloti mwoga aliye hai.

Kuna tena jambo la urefu wa mahali. Mavivi iko zaidi ya mita 1000 juu ya bahari, wakati N'djili iko kama mita 300 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na mabawa yanapata nguvu kidogo. Kwa hiyo ndege inayoondoka mahali pa juu, hasa wakati wa jua kali, inahitaji kiwanja kirefu zaidi au mzigo mdogo zaidi. Butembo iko juu kutupita. Wakikuambia bagaji yako itakuja na ndege ingine, si kila mara ni ubaya wa wafanyakazi. Wakati mwingine ni hewa yenyewe iliyokataa.

Saa ya Beni si saa ya Kinshasa

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na wengine wanakosa ndege kabisa. Nchi yetu ina saa mbili. Mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Hapa ikiwa 13h00, kule ni 12h00.

Sababu yake ni jua. Dunia inazunguka degre 15 kila saa moja. Kati ya Mavivi na N'djili tumeona kuna degre 14. Basi jua linalosimama juu ya vichwa vyetu saa sita ya mchana litasimama juu ya Kinshasa karibu saa moja nyuma, dakika 56 kwa hesabu kamili. Saa mbili za nchi yetu hazikukatwa ovyo ovyo. Zinafuata jua.

Tazama sasa tikiti. Tuseme ndege inaondoka Mavivi 10h00 na inaruka moja kwa moja masaa mawili na nusu. Kwa saa ya hapa itafika 12h30. Lakini tikiti itaandika 11h30, kwa sababu kila uwanja unaandikwa kwa saa yake yenyewe. Mtu anasoma 10h00 mpaka 11h30, anasema: "Ah, ni saa moja na nusu tu!" Hapana. Wakati wa kurudi ni kinyume. Unaondoka N'djili 10h00, unaruka masaa yale yale mawili na nusu, na tikiti inaandika kufika 13h30. Mwingine anafikiri ndege ya kurudi ni ya polepole. Ni ile ile.

Hatari ni kwa simu. Simu nyingi zinajibadilisha saa zenyewe zikipata mtandao, lakini si zote. Kama umefika Kinshasa na simu yako imebaki na saa ya Beni, utafika mbele ya wakati, utangoja bure saa moja, hakuna ubaya. Lakini mtu anayekuja kwetu na saa ya Kinshasa kwenye mkono, kisha anataka kurudi, atafika Mavivi saa moja nyuma, na ndege imekwisha kuruka. Ni vile vile kwa mikutano ya simu na kwa mitihani inayopangwa kutoka Kinshasa. Mtu akikuambia "saa nne", muulize: saa nne ya wapi? Na kama unavuka Kasindi, kumbuka Uganda nayo iko saa moja mbele yetu.

Kuna tena jambo la jua kuzama. Karibu na ikweta giza linaingia haraka, karibu 18h00 mwaka mzima. Kama uwanja unapokea ndege mchana tu, ndege ya moja kwa moja inayotoka Kinshasa inapaswa kuruka kabla ya 14h30 ya kule. Ikichelewa kupita hapo, safari inasukumwa kesho yake. Abiria waliokaa N'djili toka asubuhi wanaona jua bado linawaka, hawaelewi. Hawahesabu ya kuwa sisi huku tunakaribia kuwasha taa.

Vita pia inarefusha njia

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na uwanja wake ukafungwa. Makao ya jimbo yakaletwa Beni. Toka hapo Mavivi, uwanja ambao zamani ulikuwa wa pili nyuma ya Goma, ukabeba mzigo ambao haukutengenezewa.

Kwa mtu wa Goma hesabu iligeuka kabisa. Zamani alipanda ndege kwake, kilometa kama 1560, na kwa masaa mawili na nusu yuko Kinshasa. Sasa tuseme anapita Kigali kwa barabara, anaruka mpaka Nairobi, kisha Nairobi mpaka Kinshasa. Ni kama kilometa 760 na kama 2410, jumla karibu 3170 za angani. Mara mbili ya zamani, na mipaka juu yake, na tikiti mbili, na kungoja katikati. Mwingine anapanda kuja huku kwetu kwa barabara, zaidi ya kilometa 300 zenye vizuizi vingi, ndipo apate ndege ya Mavivi. Wote wawili wanakwenda katika mji mkuu wa nchi yao wenyewe.

Hata ndege za wengine zilirefushiwa njia. Katika mwezi wa pili 2025, serikali ya Kongo ilifunga anga yake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda au zenye makao kule. Nchi yetu ni kubwa, iko katikati ya Afrika. Ndege iliyokatazwa kupita juu yetu inapaswa kuizunguka, na kuzunguka ni mafuta na ni masaa.

Na ukienda Ulaya?

Familia nyingi za hapa zina mtoto au ndugu Bruxelles. Kutoka Kinshasa mpaka Bruxelles ni kama kilometa 6200. Kutoka Entebbe mpaka Bruxelles? Nayo ni kama 6200, karibu sawasawa kabisa. Basi mtu wa Beni anayepita Kinshasa anaanza na kilometa 1650 za kwenda mangaribi, na anayepita Entebbe anaanza na 335 tu. Tofauti ni zaidi ya kilometa 1300. Lakini Entebbe ina bei yake nyingine: mpaka wa Kasindi, karatasi za kuingia Uganda, na zaidi ya kilometa 400 za barabara kutoka mpakani. Kwa kilometa Entebbe inashinda. Kwa karatasi, kila mtu aangalie hali yake.

Hata hivyo, tusisahau tulikotoka. Ndege ya kwanza kuunganisha Ubelgiji na Kongo, iliyoongozwa na Edmond Thieffry, iliondoka Bruxelles tarehe 12 mwezi wa pili 1925, na ikafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 mwezi wa nne. Siku 51. Leo njia hiyo inafanywa kwa masaa kama manane. Na ona: masaa yenyewe ya kuruka hayakujaza siku zile 51. Wakati mwingi ulikwisha chini, kwa kungoja na kutengeneza. Miaka mia moja imepita, na abiria wa Mavivi bado anaijua hadithi hiyo.

Basi panga hivi

Unapopanga safari, usihesabu masaa ya angani peke yake. Hesabu tangu mlango wa nyumba mpaka mlango wa nyumba.

Anza na barabara ya Mavivi. Ni fupi, lakini ni ile ile ya Oicha, na usalama ukibadilika inaweza kufungwa bila taarifa. Uliza habari za barabara usiku wa mbele yake. Kama unatoka Butembo, ongeza kilometa 54, na usijaribu kuzifanya asubuhi ile ile ya ndege.

Uwanjani kuna kupima bagaji, kuonyesha karatasi, na kulipa Go-Pass, ile kodi ya viwanja iliyoanzishwa 2009. Fika masaa mawili mbele. Tayarisha makaratasi kwa mkono, si chini ya bagaji.

Ukifika N'djili, kungojea mizigo kunaweza kuchukua saa nzima. Na kutoka N'djili mpaka Gombe ni zaidi ya kilometa 20 za mji wenye msongamano mkali. Kuna siku abiria anatumia masaa mengi kwenye boulevard Lumumba kuliko aliyotumia kuvuka pori lote la Kongo.

Jumlisha: saa moja ya kwenda Mavivi, masaa mawili ya uwanjani, mawili na nusu au karibu mane ya angani, saa moja ya bagaji, masaa mawili ya mji. Kama ndege inasimama njiani, ongeza saa moja. Ni masaa nane na nusu mpaka karibu kumi na moja, siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo, kama unangojewa Kinshasa siku ya tano asubuhi, usipande ndege ya siku ya ine. Panda ya siku ya tatu. Kwa mgonjwa, uliza kabla ya kununua tikiti: ndege ni ya aina gani, inatua wapi, inafika saa ngapi kwa saa ya kule, na ikishindwa leo itaruka lini. Ajansi nzuri itakujibu yote manne. Isipojibu, shika makuta yako kwanza.